Waziri Alivyopata Ujana kwa Niaba

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwa woga, la hasha. Ni kwa sababu jina lake kwa sasa liko mbele ya kamati ya kupitia majina, na kamati hiyo haijakutana tangu mwenyekiti wake aende kumwakilisha mkubwa wake kwenye maziko ya mtu ambaye baadaye aligundulika kuwa hajafa. Mambo kama haya hutokea popote penye utaratibu mzuri.

Mimi naitwa Mwinshehe, karani wa Barua za Uwakilishi katika Wizara ya Uhai na Maisha Marefu. Kwetu mkubwa haendi mahali, huwakilishwa. Akialikwa kuzindua kisima humteua wa chini yake, naye humteua wa chini yake, na kila hatua inahitaji barua yenye muhuri wangu. Visima vyetu vingi vimezinduliwa na madereva, na hotuba zimesomwa vizuri tu. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa, na sijawahi kukosea jina la mtu ambaye hakwenda.

Waziri wetu ni Mheshimiwa Lutengano Bazimaki. Katiba inasema waziri asizidi miaka sabini na mitano, na Mheshimiwa wakati huo alikuwa na miaka sabini na minne na miezi minane, umri aliokuwa nao kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Wananchi walianza kuhesabu kwa vidole. Ndipo serikali ikaleta Sheria ya Umri Halisi.

Siku ya kuiwasilisha bungeni Mheshimiwa alizungumza saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu tumeishi chini ya udhalimu wa kalenda! Mtu anazaliwa bila kuulizwa, anaandikiwa tarehe bila kushirikishwa, halafu tarehe ile ile inakuja kumtoa kazini! Tarehe ya kuzaliwa ni jambo lililotokea kabla mtumishi hajaajiriwa. Serikali inahusikaje nalo?"

Wabunge waligonga meza mpaka wengine wakaamka. Kuanzia siku hiyo umri wa kila mtumishi, kuanzia waziri hadi mfagiaji, ungehesabiwa kwa mwili wake, kwa cheti cha daktari. Na ili miili isiiaibishe sheria, ulianzishwa Mpango wa Kitaifa wa Kukarabati Miili chini ya Uangalizi wa Daktari.

*

Daktari mwenyewe alikuwa Dokta Mwantumu Khelef, aliyekaa ughaibuni miaka kumi na moja akisomea uzee. Alirudi na mashine yenye kiti, bomba la kupulizia, mahali pa kuingiza mkono na sindano ya damu. Ukishakaa, inanguruma kidogo, kisha inatoa karatasi yenye umri wa mwili wako. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye kasoro moja kubwa: aliamini kile alichokisomea.

"Mwili unaweza kusaidiwa," alituambia. "Haurudi utotoni, lakini unaweza kuzeeka vizuri. Kufunga kula saa kumi na sita kwa siku. Maji ya barafu dakika tatu kila asubuhi. Kunyanyua vyuma, kulala saa nane, kuacha sukari, taa nyekundu kwa ngozi na misuli. Yote kwa vipimo, yote mbele yangu. Mheshimiwa ataanza kesho saa moja asubuhi."

Mheshimiwa aliitazama ile orodha, akaona kesho ana kikao. Akamteua Naibu Waziri.

Naibu Waziri alikuwa amealikwa kufungua semina ya ulaji bora, yenye chakula cha mchana. Akamteua Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akapatwa na mafua hapo hapo aliposikia neno barafu, akamteua Mkurugenzi. Mkurugenzi alisema yeye akikosa chai ya saa nne hawezi kutambua sahihi yake mwenyewe, akamteua Mkuu wa Masijala. Mkuu wa Masijala akaniteua mimi. Nami sina ubaya na barafu, ila tangu utotoni tumekuwa hatuelewani. Nikatazama chini yangu.

Chini yangu alikuwapo Bi. Siwema, mpishi wa chai wa ghorofa ya nane. Chini ya Bi. Siwema kulikuwa na birika tu.

Niliandika barua sita asubuhi hiyo. Nikampelekea ya mwisho jikoni kwake, nikiwa na aibu kidogo, nakiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Hiyo karatasi ni ya kustaafu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila karatasi. Bi. Siwema alikuwa amebakiza miezi miwili atimize sitini. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, Bi. Tatue, aliyebaki kijijini kwao tangu Siwema aondoke akiwa na miaka ishirini na minne. Bi. Tatue alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwishazimika, la kulia lilikuwa linafifia mwezi hadi mwezi, na hospitali ya wilaya ilimwambia asitarajie kumaliza nalo mwaka. Alikuwa amempigia simu mdogo wake, akasema maneno ambayo Bi. Siwema alinisimulia zaidi ya mara moja: "Njoo nikuone sura, Siwema. Sauti yako nitaisikia hata baadaye."

"Si ya kustaafu," nilimwambia. "Ni ya kukarabatiwa."

"Mimi?"

"Si wewe, mama. Mheshimiwa. Wewe unamwakilisha."

*

Dokta Mwantumu alipomwona anayeingia alikataa katakata. "Mwili haukarabatiwi kwa barua!" alisema. Katibu Mkuu, kwa sauti ya mafua, alimsomea Mwongozo wa Utumishi, unaosema kwamba shughuli yoyote ya kiserikali inaweza kuhudhuriwa na mwakilishi.

"Na damu?" Dokta aliuliza. "Damu nayo inawakilishwa?"

"Damu ya mtumishi akiwa kazini ni ya kiserikali."

Dokta akavaa glavu. Nadhani alifikiri kwamba angalau mwili mmoja katika wizara ungenufaika. Akamkalisha Bi. Siwema kwenye kiti, mashine ikanguruma, karatasi ikatoka: arobaini na saba.

"Mama, wewe unakula nini?"

"Nakula ninachopata. Uji wa mtama, mchicha, dagaa. Na ngazi hizi nazipanda na birika mara kumi na nne kwa siku, maana lifti ni ya wakubwa."

Dokta aliandika hayo yote kwenye daftari lake kwa heshima kubwa. Kisha akamwonesha pipa la barafu. Bi. Siwema akalichungulia.

"Hii ndiyo dawa yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwetu hii tungesema ni kuonewa."

Lakini aliingia, na khanga yake mwilini, akakaa dakika tatu akimtaja Mungu kwa majina yote aliyoyajua. Akaingia na kesho yake. Alifunga kula, alinyanyua vyuma, alilala saa nane kwa amri ya serikali. Alikaa mbele ya taa nyekundu mpaka akaanza kuizoea na kuisimulia habari za dada yake. Daktari alisimama pembeni kila siku na saa ya kuhesabia, akipima mapigo yake, akipunguza hapa, akiongeza pale, kwa uangalifu wa mama anayemwogesha mtoto mchanga.

Mheshimiwa naye alishiriki kwa upande wake. Chakula ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kuniandikisha barua yake, huko alihudhuria mwenyewe.

Mwezi wa kwanza ulipoisha mashine ilitoa arobaini na moja. Wa tatu, thelathini na sita. Wa tano, thelathini na moja. Kwa kuwa Bi. Siwema alikuwa hapimwi kwa niaba yake mwenyewe, vyeti vilipanda ngazi kwa utaratibu ule ule ulioshusha barua, na watu sita wa wizara yetu tukawa na umri wa miaka thelathini na moja kwa siku moja. Mimi pia nilipata changu. Mke wangu alikisoma mara mbili, akaniambia kama ni hivyo basi nikachote maji mwenyewe.

*

Katikati ya furaha hiyo, miezi miwili ya Bi. Siwema ilikuwa imepita zamani. Alikuwa ameshatimiza sitini, lakini Mpango haukumwachia nafasi mpaka mwezi huo wa tano; ndipo akavaa gauni lake la kitenge na kwenda kwa Afisa Utumishi kuomba barua ya kustaafu. Nilimsindikiza.

Afisa Utumishi ni kijana mwenye adabu, hasemi jambo baya bila kutabasamu. "Mama, sheria mpya inadai cheti cha umri wa mwili. Mashine inasema mwili wako una miaka thelathini na moja. Hongera sana! Umebakiza miaka ishirini na tisa ya kulitumikia taifa."

"Mwanangu, mimi nina miaka sitini. Nina mjukuu anaoa."

"Hiyo ni kalenda, mama."

"Dada yangu anapofuka."

Yule kijana aliacha kutabasamu, nami nikaona kwamba kumbe anao moyo. Akasema polepole, "Mama, mimi nakuelewa. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hilo." Na kweli haikuwa napo, alitugeuzia tukaiona.

Bi. Siwema hakulia. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kununua maandazi kumi, akayala yote akiwa amesimama. Kwa wiki nzima alijitahidi kuzeeka. Alikunywa chai yenye sukari vijiko sita, alikaa kitako mchana kutwa, akagoma kupanda ngazi, akakesha makusudi akisikiliza redio. Mwisho wa wiki alipimwa: thelathini na mbili.

"Mwaka mmoja tu," aliniambia, akiwa amekata tamaa. "Mwinshehe, huyu daktari kanikarabati mno."

Dada yake alipiga simu jioni ya siku hiyo. Alisema jana alimsalimia mwanakijiji mwenzake kwa jina, kumbe ni koti lililoanikwa. Walicheka wote wawili kwenye simu. Alipoikata, Bi. Siwema alikifuta kikombe kimoja mara tatu, nami nikaona aibu juu ya ile barua ya sita kuliko nilivyowahi kuona aibu juu ya barua yoyote.

Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mdogo wangu, mkubwa anaweza kumwakilisha mdogo?"

Nikafungua Mwongozo. Nikasoma kifungu neno kwa neno, nikasoma tena. Kilisema mtumishi yeyote anaweza kuwakilishwa na mtumishi mwingine yeyote. Hakikusema kutoka juu kwenda chini. Walioandika hawakuona haja ya kusema.

*

Bahati ilikuwa upande wake, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa na shida ya picha. Gazeti la serikali lilitaka kuweka ukurasa wa mbele waziri wa kwanza duniani kurudi ujanani, lakini picha zote za Mpango zilionesha mkono wa Bi. Siwema. Mheshimiwa alitaka kupigwa picha akiwa kwenye kiti, sindano ikiwa ndani, uso ukiwa wa kishujaa. Dokta Mwantumu alikataa kuigiza. "Mashine hii haikai mtu bure," alisema. "Anayekaa anapimwa, na karatasi inatoka."

Hapo ndipo Bi. Siwema alipoingia na chai.

"Mheshimiwa," alisema, akimimina, "wewe kaa ukapimwe kwa niaba yangu. Picha utapata. Karatasi itakayotoka itakuwa yangu, wewe haitakugusa."

Mheshimiwa aliweka kikombe chini. Alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyegundua kwamba jiko lake lina akili. "Mwinshehe! Inawezekana?"

"Kwa mujibu wa Mwongozo, Mheshimiwa, inawezekana."

"Andika."

Niliandika: Mheshimiwa Lutengano Bazimaki, Waziri, anateuliwa kumwakilisha Bi. Siwema, mpishi wa chai. Mkono wangu ulitaka kuandika kinyume chake, kwa mazoea. Bi. Siwema aliweka sahihi pale penye neno "Mteuzi", kwa herufi kubwa, na sikumbuki kuwahi kupiga muhuri kwa furaha kiasi kile.

Picha ilipigwa vizuri. Mheshimiwa alikunja uso, akatazama mbali, mahali ambapo taifa lilikuwa. Mpiga picha akaondoka. Mashine ikaendelea kunguruma kuliko kawaida, ikanyamaza, ikanguruma tena, kisha ikatoa karatasi: themanini na tisa.

Dokta Mwantumu aliisoma, akafunga mlango. Ndani tulibaki watatu, yeye, Mheshimiwa na mimi. Akampima mapigo kwa mkono wake mwenyewe, akasikiliza kifua mara nne, akamfunga nyaya za kupimia moyo, akatazama mistari ile mpaka nikaanza kutokwa na jasho.

"Mheshimiwa," alisema, "moyo huu..."

"Moyo wa Bi. Siwema," Mheshimiwa alimrekebisha.

"Mheshimiwa, naomba tuzungumze mimi na wewe tu. Kama mgonjwa na daktari wake."

"Dokta, mimi sipo hapa," alisema Mheshimiwa kwa upole. "Hapa yupo Bi. Siwema. Mimi nimebeba ujumbe tu. Utaratibu tukiuvunja sisi, nani ataufuata?"

Nilimwona Dokta akifumba macho. Alipoyafumbua alizungumza taratibu, neno moja moja, akimkazia macho yeye na si mimi. "Basi umwambie Bi. Siwema kwamba moyo wake umechoka sana. Mshipa mkubwa umeziba karibu wote. Aache kazi leo. Aanze vidonge hivi leo, asubuhi na jioni, asikose hata siku moja, na wiki ijayo aje nimpeleke hospitali ya rufaa. Akifanya hivyo ataishi, hata sasa hajachelewa. Asipofanya, Mheshimiwa, mwaka huu hatauona ukiisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa kabisa," alisema Mheshimiwa, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Maskini mama wa watu."

*

Ujumbe ule aliupeleka mwenyewe, jambo lililotikisa ghorofa nzima, maana hajawahi kukanyaga jikoni. Alimkuta Bi. Siwema akisugua masufuria. Akavua kofia.

"Bi. Siwema, kaa chini," alisema. "Habari si nzuri. Daktari anasema moyo wako umechoka. Mshipa umeziba. Uache kazi leo hii, umeze hivi vidonge, la sivyo..." Akakohoa, akashindwa kumalizia. Jicho lake lilikuwa na unyevu.

Bi. Siwema alinitazama mimi, nami nikatazama masufuria. Alielewa mara moja. Alikuwa ameshapata alichokitaka: cheti cha miaka themanini na tisa, barua ya kustaafu tayari mezani kwa Afisa Utumishi, na basi la kwenda kwao linaondoka saa saba. Angeweza kushukuru na kwenda zake. Lakini alifuta mikono, akasogea karibu na Mheshimiwa.

"Baba," alisema, "huo moyo ni wako."

Mheshimiwa alicheka kwa wema. "Mimi? Mimi nina miaka thelathini na moja." Akatoa cheti mfukoni, kilichokunjwa vizuri ndani ya plastiki, akamwonesha. "Unaona? Usiwe na wasiwasi na mimi, mama. Wewe ndiye wa kujitunza."

"Kilichopimwa leo ni kifua chako. Nguo ulizovua ni zako."

"Kwa niaba yako."

Bi. Siwema alifikiri. Nje honi ya basi ililia mara ya kwanza. Akavichukua vile vidonge, akavigeuza mkononi, kisha akavirudisha kwenye kiganja cha Mheshimiwa na kukifunga vidole kimoja kimoja, kama unavyomfunga mtoto hela ya kiberiti asije akaidondosha.

"Basi nakuomba jambo moja la mwisho. Mimi nakwenda mbali, na vidonge nina usahaulifu navyo. Umeze wewe kwa niaba yangu. Asubuhi na jioni. Unaniahidi?"

Nilitamani kumkumbatia. Mheshimiwa alisimama wima, akagusa kifua chake, na akasema kwa sauti ile ile ya bungeni: "Bi. Siwema, serikali haitakuangusha."

Bi. Siwema akaondoka na basi la saa saba. Siku tatu baadaye alinipigia simu. Alisema dada yake alikuwa amekaa kizingitini tangu asubuhi, akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga, akamwambia, "Mbona hujazeeka, wewe?" Bi. Siwema alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, sikuyasikia mengine. Kisha akauliza: "Mheshimiwa anameza?"

Nilimjibu kwamba vidonge vinamezwa, bila kukosa, asubuhi na jioni. Na huo ni ukweli mtupu. Kwa sababu asubuhi iliyofuata baada ya yeye kuondoka, Mheshimiwa alikuwa na kikao, akamteua Naibu Waziri. Naibu Waziri hapendi vitu vichungu, akamteua Katibu Mkuu, na Katibu Mkuu akamteua Mkurugenzi, na Mkurugenzi Mkuu wa Masijala. Nafasi ya mpishi wa chai bado haijajazwa, kwa hiyo barua ya tano iliishia kwangu.

Siku ya kwanza nilijikaza nikamwambia, "Mheshimiwa, kwa heshima zote, si bora hivi ukameza wewe mwenyewe?" Alinitazama bila kuelewa, nikaona nimeuliza kitu ambacho hakina kifungu. Sijauliza tena.

Kila asubuhi saa mbili naingia ofisini kwake, nasimama mbele ya meza, namwonesha kidonge, nakimeza na maji. Yeye hunitazama mpaka kishuke. Siku hizi amekonda, na hupenda kukaa akiwa ameushika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kifuani.

"Tunaendeleaje, Mwinshehe?" huniuliza, akihema.

"Tunaendelea vizuri, Mheshimiwa."